Kibati cha Shaba

Mtaani walimwita Mdeki Msitu, na mtu akimwona kazini hangekuwa na haki ya kuwalaumu. Mashine yake ya kutafutia vyuma ilikuwa na mpini mrefu na sahani ya duara chini, naye aliivuta kushoto, akaivuta kulia, akapiga hatua, akaivuta tena kushoto, kichwa kimeinama, masikio kayaziba kwa visikilizio vikubwa, utadhani ameajiriwa kupangusa majani makavu mpaka yang'ae. Watoto walimsindikiza hadi miti inapoanzia wakimuuliza kama leo ameweka sabuni. Yeye alicheka nao. Alikuwa mtu wa kucheka, tena hilo lilimuudhi mkewe kuliko deki yenyewe.

Kwa ufundi alikuwa mtengeneza makufuli, na nyumbani kwao hata mama yake alimwita Fundi. Karakana yao ilifungwa baada ya maduka kujaa makufuli ya bei chee, yale yanayofunguka hata kwa kijiko. Mkewe alikuwa dobi, na mapovu yake ndiyo yaliyokuwa yakiilisha nyumba. Mashine hiyo hakuinunua, angeinunua kwa lipi? Aliazimwa na mnunuzi wa vyuma chakavu kwa sharti moja tu, kwamba chochote atakachookota kipite kwanza kwenye mizani yake.

Msitu ule ulikuwa na vyuma kuliko duka. Wakati wa vita wanajeshi walipiga kambi humo, na asubuhi moja wakakutana na wenzao wa upande wa pili huku zamu ya wakata miti wa kiwanda cha mbao ipo katikati. Hakurudi mkata miti hata mmoja. Siku hiyohiyo moto ukakipitia kiwanda nacho, ofisi na stoo vikawa majivu. Msitu ukafungwa miaka mingi, mpaka watu wa kutegua mabomu walipousafisha na kusema sasa raia wanaweza kuingia.

Basi Fundi alikwenda kutafuta maganda ya risasi na vipande vya mabomba, akaanza kukutana na watu. Aliokota kikombe cha bati kilichochorwa jina kwa ncha ya msumari. Aliokota kichwa cha shoka. Siku moja akaokota filimbi, na kila mtu wa rika la mama yake alijua ni nani peke yake aliyekuwa na filimbi kule: nyapara. Hakuipeleka kwenye mizani. Aliipeleka kwa mjane wa nyapara, bibi mnene asiyecheka ovyo, ambaye aliiosha, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaitia mdomoni na kuipuliza hapohapo mlangoni mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Kisha akalia. Tangu siku hiyo aliivaa shingoni kila alikokwenda, hata sokoni, na watu wakamwita Mama Filimbi.

Nyumba moja ikaiambia nyingine. Fundi akawa hapeleki tena vyuma kwa mizani, anapeleka kwa wenyewe, akipewa chai na baraka, na baraka haiivishi chungu. Mnunuzi alimjia juu. "Mimi nimekuazima mashine ya vyuma," alimwambia, "sikukuazima ya kufufua wafu!" Lakini hakuinyang'anya, maana shangazi yake mwenyewe alikuwa ameletewa kikombe.

Katika nyumba zote zilizopoteza mtu asubuhi ile, ni moja tu ambayo Fundi hakuipelekea kitu, nayo ni ya kwao. Baba yake alikuwa mkata miti, naye hakurudi. Ila yeye alikuwa na maneno nyuma yake. Dereva mmoja wa lori aliwahi kuapa kwamba alimwona miezi michache baada ya vita, mji mwingine kabisa, akiuza viatu. Dereva alishakufa siku nyingi, maneno yake yakabaki hai. Kwa hiyo mama yake Fundi hakuwa mjane wala hakuwa mke. Wajane wa kiwanda walimwachia nafasi kwenye benchi la mikutano yao, mwishoni kabisa, pale ambapo mwenzako akiinuka ghafla benchi linakubwaga.

*

Jumamosi moja mama alirudi kutoka mkutano wa wajane, akavua viatu na kukaa kitandani. Mkwewe alikuwa akikunja mashuka ya watu.

"Picha imetoka vizuri, mama?" aliuliza. Alijua siku hiyo walikuwa wapigwe picha ya pamoja.

"Sijui. Mimi nilishika mikoba."

"Mikoba gani?"

"Ya wenzangu. Mpiga picha alisema wajane wasogee mbele, mikono mitupu, wapendeze. Mmoja akanipa mkoba wake, na wa pili akanipa. Nikasimama pembeni nao kama msumari wa ukutani." Alijaribu kucheka. "Mzigo mzito, mwanangu. Sijui wanabeba nini humo."

Mkwe aliacha shuka.

"Wataweka jiwe," mama aliendelea. "Pale kiwandani, kwenye lango. Majina yote yatachongwa. Jumamosi ijayo kamati inasoma orodha mbele ya watu."

"Na baba yumo?" Ni Fundi aliyeuliza, amesimama mlangoni na tope magotini.

"Mwenyekiti kasema suala lake linazungumzwa." Mama alianza kujikuna kiganja ambacho hakikuwa kikimwasha. "Sitaki kitu kwao mimi. Sitaki kitambaa cha wajane, sitaki posho yao. Nikifa wasije wakasema hapa kazikwa yule aliyekimbiwa na mumewe. Hilo tu. Naona si kubwa."

Haikuwa kubwa. Fundi aliondoka mlangoni akaenda kusimama uani, akiitazama mashine iliyoegemezwa ukutani, na kwa mara ya kwanza hakuona cha kuchekesha.

*

Wiki ile aliudeki msitu kweli. Alitoka kabla jua halijatoka na kurudi likizama. Alikata eneo la wakata miti vipande vipande kwa kamba, akakipita kila kipande kwa urefu kisha kwa upana, akachimbua kila kilichopiga kelele. Alipata misumari. Alipata mnyororo, kopo la samaki, kitasa cha mlango ambacho hakuna aliyeweza kueleza kilifuata nini msituni. Jioni mama alikuwa akimngoja kwenye kizingiti na swali lake moja.

"Vipi leo?"

"Bado, mama."

"Haya. Nawa ule."

Alimuuliza vilevile kila siku, na kila siku Fundi alijihisi kama mtoto aliyetumwa dukani akapoteza hela. Ijumaa hakwenda msituni. Alikwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, akapekua lundo la shaba, akatoka na kipande kidogo mfukoni, ukubwa wa kifuniko cha soda.

Kuna kitu alichokuwa akikijua tangu utotoni. Kila mfanyakazi wa kiwanda alikuwa na kibati cha shaba, cha duara, kimegongwa namba na kutobolewa tundu. Namba ya baba yake ilikuwa sitini na mbili. Mama alipokuwa akimbembeleza alale, kati ya nyimbo, alikuwa akimwambia baba yako alikuwa sitini na mbili, kama mwingine anavyosema baba yako alikuwa hodari. Fundi alihesabu kibati hicho kuwa kitambulisho tu, cha kuvaa au kutia mfukoni. Hakumuuliza mtu. Mtu anayekaribia kutenda jambo la siri haulizaulizi.

Mkewe alimkuta adhuhuri jikoni, mlango kaufunga, anachemsha kitu kwenye sufuria.

"Nini hicho kinanuka siki? Hiyo si sufuria yangu ya mboga?"

"Nitaisugua."

"Utaisugua na nini, na roho yako?" Alichungulia ndani. Chini ya siki iliyojaa chumvi aliona duara ya shaba inaanza kupata madoa ya kijani, na namba sitini na mbili imegongwa katikati, safi, imenyooka. Haikumchukua muda kuelewa. Waliishi na msitu huo kitandani na mezani, angeshindwaje kuelewa? Alikaa kwenye kigoda.

"Wewe baba. Hapana."

"Sili mali ya mtu. Simdhulumu mtu."

"Njia ya mwongo ni fupi."

"Yangu ni ya kutoka hapa hadi kesho, inanitosha." Akamgeukia. "Alishikishwa mikoba! Mama yangu. Wote wale nimewapelekea vyao mpaka mlangoni, nimepiga magoti kwenye tope lao, halafu yeye anashikishwa mikoba kama mtumishi."

Mkewe alikuwa mwanamke anayependa mambo yanyooke, nguo na maneno, na alimpenda mama mkwe kwa sababu siku ya kwanza alipoingia nyumba ile yule mama alimpa kitanda akalala chini. Aliinuka akachukua kijiko, akakitoa kibati kwenye siki na kukigeuza mwangani.

"Kimekwiva upande mmoja," alisema kwa hasira. "Mtu yeyote ataona. Leta hapa. Kikizikwa pale kwenye mfereji wa maji ya sabuni, jioni kitakuwa kimezeeka kukushinda wewe. Vifungo vya shaba vikidondoka pale huwa naona vinavyogeuka kijani."

Kilizikwa. Na kweli jioni kilitoka kizee, kina ukoko wa kijani mpaka ndani ya namba, na tundu lake juu, katikati kabisa. Fundi alijaribu kukifanya kibaya zaidi lakini mkono ulimkatalia. Alikuwa ametumia maisha yake akitoboa matundu yaliyokaa katikati.

*

Alimpa mama baada ya chakula. Alikuwa ameandaa maneno mengi, yote yakamkimbia, akamwekea tu kiganjani.

Mama alikiangalia. Akakiinamia karibu na taa, akakipapasa kwa kidole gumba, akapapasa namba, akapapasa tundu. Mkwe alijifanya anatafuta sindano.

"Ulikiokota wapi?"

"Kulekule walikokuwa wakikata miti. Chini ya majani, si kina kirefu."

"Walikokuwa wakikata."

"Ndiyo, mama."

Walitarajia machozi. Mama alikifumba kiganjani, akakaa nacho, na uso wake haukuwa na furaha wala huzuni ambayo wangeijua jina. Kisha akampapasa mwanawe shavuni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipoota ndevu.

"Ahsante, baba. Umejitaabisha sana." Akakifumbua kiganja. "Tukae nacho sisi. Tusikipeleke kule."

"Tusikipeleke? Mama, kesho ndiyo kesho! Huu ndio ushahidi."

"Mimi kimenitosha."

"Hakijakutosha. Watakushikisha mikoba mpaka lini?"

Mama alitaka kusema neno, akamtazama mkwewe, akamtazama mwanawe aliyekuwa ametokwa jasho la furaha ya kumtendea mema, na neno likarudi lilikotoka. Kuna watu wanaoshindwa kukataa zawadi hata ikiwa na miiba. Alimrudishia kibati akaenda kulala.

*

Mkutano ulifanyika kwenye kantini ya zamani ya kiwanda, chumba pekee kilichonusurika moto. Wajane walikaa mabenchi ya mbele. Mchonga mawe alikuwapo na futi yake. Watu wengi walikuja na vitu vyao, vikombe na vipande vilivyofungwa kwenye vitambaa, kwa kuwa mpiga picha alisema anavitaka navyo. Mama yake Fundi alikwenda mwishoni mwa benchi lake. Mkwe alisimama ukutani nyuma yake.

Mwenyekiti alikuwa mzee mwembamba, mpole, ambaye enzi za kiwanda alikuwa mtunza stoo. Alinusurika asubuhi ile kwa sababu aliamka na homa, na aliyefungua stoo badala yake alikuwa msaidizi wake, ambaye aliungua nayo. Hakuwahi kuisamehe homa ile. Alikuwa akisoma kila jina polepole na kuinua macho amtazame mwenye mtu wake, ndipo aendelee. Kabla hajafika mwisho Fundi alikuwa ameshasimama.

"Shikamoo, mzee. Samahani kwa kukukatiza. Nimeleta cha baba yangu."

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mahindi. Alikwenda mbele, akakiweka kibati mezani. Mama Filimbi alijishika kifua kwa furaha na kumgeukia mama yake Fundi, lakini mama alikuwa akitazama sakafu.

Mwenyekiti alikichukua. Vidole vyake vilivijua vibati kama muuza nyanya anavyojua nyanya. Alikipindua, akakisoma, akakiweka chini taratibu.

"Ulikiokota wapi, mwanangu?"

"Walikokuwa wakikata miti."

"Una hakika?"

"Nina hakika, mzee."

Mzee alivua miwani. "Afadhali usingekileta," alisema, na sauti yake haikuwa na ubaya wowote, ndiyo maana ilitisha. "Unajua kibati kilikuwa cha nini?"

"Kitambulisho. Cha mfanyakazi."

"Nani kakwambia? Kibati kilikuwa rehani. Ukija asubuhi ukitaka shoka au msumeno, unaacha kibati chako stoo, kinatundikwa kwenye msumari wenye namba yako. Ukirudisha shoka, unarudishiwa kibati. Ndivyo tulivyojua nani ana kifaa gani. Mtu aliye msituni anakata miti, kibati chake kipo kwangu, ukutani. Vya asubuhi ile viliyeyuka vyote pamoja na stoo." Aliwageukia watu, kisha Fundi. "Umeupitia msitu ule msimu mzima. Umetuletea filimbi, umetuletea vikombe, umetuletea mashoka, Mungu akubariki. Umewahi kuokota kibati kingine? Hata kimoja?"

Fundi alikitazama kibati mezani. Hakuwahi. Miezi yote ile, hakuwahi, na hakujiuliza.

"Aliyekuwa na kibati chake siku ile hakuchukua shoka. Na mkata miti asiye na shoka hakwenda kazini." Mwenyekiti alijipangusa macho kwa kidole. "Jana kamati tulikubaliana tumwandike. Tulisema hatuna ushahidi huku wala huku, na mtu akikosa ushahidi apewe heshima. Nafasi yake ilishapimwa. Muulize mchonga mawe."

Mchonga mawe alitazama futi yake.

Kutoka katikati ya benchi sauti ya mwanamke ikasema, si kwa nguvu sana, "Tulijua."

Fundi alisimama pale mbele ya meza. Alikuwa amemzika baba yake kwa mkono wake, si kaburini, kwenye aibu. Na dawa ilikuwa moja tu, kusema. Kusema nimekitengeneza mimi, jana, kwenye sufuria ya mboga, baba yangu hana hatia na kibati hicho. Aligeuka awaambie watu, ndipo akaviona vile vitu. Vilikuwa mapajani mwao, vimefungwa vitambaa safi. Mama Filimbi alikuwa ameikamata filimbi yake kwa mikono miwili. Kila mmoja wao alikuwa amepokea kitu kutoka kwenye mkono huu huu wake, akakiamini kwa sababu ya uso wake tu. Akisema ametengeneza kimoja, leo usiku kila mtu atakaa na chake mezani akijiuliza. Hata hivyo alijikaza. Angeacha baba yake achafuliwe kwa kazi ya mikono yake?

"Mzee," alianza, "hicho kibati..."

"Kaa chini."

Ni mama. Alikuwa amesimama, na benchi lilikuwa limenyanyuka kidogo upande wake.

"Mama, ngoja niseme..."

"Nimesema kaa, baba. Mdogo hamkatizi mkubwa." Alisubiri mpaka mwanawe akaegemea meza, kisha akamwelekea mwenyekiti. "Shemeji, hesabu yako haina kasoro. Hakuchukua shoka. Asubuhi ile mume wangu aliniaga."

Vichwa vya mabenchi ya mbele vikamgeukia.

"Alivaa viatu vyake vizuri, si vya kazini. Akaniambia nisimngoje, maisha yale yamemshinda. Mtoto alikuwa amelala. Nikajifungia ndani kwa aibu, nikajiambia nitawaambia watu kesho. Kesho yake nyinyi nyote mkawa mnalia, na mtu akanikumbatia akaniambia pole, tumefikwa. Nikaipokea ile pole." Akaikaza kanga yake. "Sikuwa na nguvu ya kuirudisha. Nimeila miaka yote hii. Leo narudisha. Lile jina msiliandike, na mwanangu msimlaumu. Yeye anawatafutia watu wenu kwa moyo safi, hakuwa akijua."

Yule wa katikati akaanza, "Si tulisema..."

"Hebu funga mdomo wako," Mama Filimbi alimwambia bila kumtazama.

Mwenyekiti alitaka kusema shemeji, keti, lakini mama alikuwa ameshaanza kutembea kati ya mabenchi kuelekea mlangoni, na mkwe wake akamfuata, na Fundi akakiokota kibati mezani akawafuata wote wawili.

*

Njiani mtu na mkewe walimweka mama katikati. Walipolipita lango la kiwanda Fundi alishindwa, akasimama akalia kama mtoto, mabega yakimruka.

"Kwa nini, mama? Ningewaambia tu nimekitengeneza. Ungebaki na heshima yako."

"Na Mama Filimbi angelala na nini leo?"

"Ulijua?" mkwe aliuliza kwa sauti ndogo.

"Cha baba yenu kilikuwa na tundu limekaa pembeni, alilitoboa upya kwa msumari baada ya la kwanza kukatika. Hakuwa na mkono wa kazi, yule. Hiki kizuri mno." Alimpa mwanawe kanga yake ajifute. "Na hata kingekuwa na tundu baya, ungeniambia umekiokota walikokuwa wakikata, ningejua. Mke wa mkata miti asijue kazi ya kibati?"

"Basi kwa nini hukuniambia jana?"

"Ningekwambia nini? Kwamba umekosea kutunga, ili nikufundishe utunge vizuri?"

Mkwe alicheka bila kutaka, machozi yakimtoka. Mama naye akatabasamu, kisha tabasamu likaenda zake.

"Kwa hiyo yupo," Fundi alisema. "Baba yupo mahali."

"Sijui." Mama alianza tena kutembea, nao wakaanza. "Nisikilize, maana sitalirudia. Alipoondoka alishika ile barabara ya malori, inayokatiza msitu upande wa chini. Risasi zikaanza jua likiwa halijapanda. Sasa kama alishatoka msituni, ametoka, na huyo dereva alimwona kweli anauza viatu. Kama alikuwa bado yumo ndani..." Akapumua. "Kila jioni uliporudi na ile mashine nilikuwa nakusubiri mlangoni, mnadhani nina hamu ya kikombe. Nilikuwa namwomba Mungu umkute. Mifupa. Nilitaka awe amekufa, mwanangu. Baba yako mzazi. Mungu anisamehe, nilimwombea kifo na yeye labda yuko hai anakunywa chai yake."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nasema kweli, nimeshaizoea tangu asubuhi." Alimshika mkono. "Mtu aliyefika, amefika, hana zaidi. Lakini mtu aliyekufa njiani huwezi kujua. Labda alishageuka. Labda alikuwa anarudi."

Walifika nyumbani. Mashuka ya watu yalikuwa yamekauka kwenye kamba, na mkwe akaanza kuyaanua kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Mama alikaa kwenye kizingiti. Fundi alisimama mbele yake, macho mekundu, hajui kama aingie au abaki.

"Ile barabara ya malori hujawahi kuipitishia mashine," mama alisema.

"Hapana. Upande ule hakuna aliyekuwa akikata miti. Sikuwa na sababu."

"Najua. Ningekutumaje huko bila kukwambia kwa nini?"

Alivua kiatu kimoja, akakung'uta vumbi, akakaa nacho mkononi.

"Kuna kona, baada ya daraja. Kesho anzia pale. Mpaka pale nilimfuata."